Paja la Kuku Mfukoni mwa Mshenga

Jumapili, Rangwe. Mwezi wa tano, 1966.

Mvua ilianza tulipotoka misa na mpaka sasa haijaacha. Afadhali inyeshe. Ikinyesha hivi watu hawapiti kwangu kunihesabu mbavu.

Nina hasira. Nimekuwa nayo tangu jana mchana, na nimeona niimwage humu daftarini kabla sijamtukana mtu wa umri wa baba yangu. Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyofundishiwa kushona nilipokuwa kijana kule Kisumu. Nikijaribu kukasirika kwa Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, namsikia marehemu mama akinikemea.

Jana nusura nivunje ndoa ya mdogo wangu Owino kwa ajili ya paja la kuku.

Nianze mwanzo. Mwezi wa pili nilipasuliwa katika hospitali ya misheni. Vidonda vya tumbo vilikuwa vimenitesa miaka mingi, mwishoni nikawa natapika damu, na daktari akasema dawa zimeshindwa, kilichobaki ni kisu. Akakata sehemu kubwa ya tumbo akaitupa. Kilichobaki, alinionyesha kwa mkono, ni kama ngumi ya mtoto. Mimi ni fundi cherehani, kupunguza ndiyo kazi yangu. Lakini suruali hupunguzwa baada ya mwenyewe kukonda, mimi nilipunguzwa kwanza ndipo nikakonda.

Nikapewa masharti. Nile mara sita kwa siku, kidogo kidogo. Nitafune mpaka chakula kiwe uji mdomoni. Nisinywe kitu pamoja na chakula. Sukari niiache kabisa. Nikishakula nijilaze. Nikikosea, moyo unakwenda mbio, jasho linanitiririka, macho yanaingia giza. Mke wangu Clementina ameyashika masharti hayo kuliko mimi. Ananipikia uji wa mtama, ananitolea miiba kwenye samaki, ananiachia tonge nne za ugali na kuondoa sahani kabla sijafanya ujinga.

Na shukrani anayopata ni ipi? Ati ananinyima chakula! Wanawake wa sokoni wanamwambia waziwazi. "Mama, huyo mume wako unamlisha nini, upepo?" Wateja wanaokuja kupimwa nguo wananipima mimi kwa macho. Nikienda kwa mtu naletewa mlima wa ugali, nikila kidogo naulizwa kama chakula chao kinanuka. Yawa! Hivi mtu hawezi kushiba kwa amani katika nchi hii?

Basi. Owino anataka kumwoa Atieno, binti wa Mzee Ogola wa upande wa Osiri, kule Migori. Amemngoja msichana huyo miaka miwili, hataki kusikia jina lingine. Mimi ndiye mshenga, jagam, niliyepeleka maneno na kurudisha majibu tangu kabla ya kuugua. Jana ilikuwa siku ya wazee kuketi na kukubaliana. Tulikwenda watatu: mimi, Owino, na baba yetu mdogo, Oluoch, ambaye akiwepo mahali wengine hatupati nafasi ya kusema.

Huyo Baba Oluoch ndiye aliyenipa amri tangu juzi. "Barnaba, habari ya kupasuliwa isitoke mdomoni mwako. Watu wanachunguza ukoo kabla ya kutoa binti. Wakisikia tuna ugonjwa wa matumbo, wataogopa wajukuu watazaliwa nao."

Nikamwambia vidonda vya tumbo havirithiwi kama ng'ombe. Akasema, "Wewe kula tu kama wanaume wengine. Ni siku moja."

Siku moja! Utadhani tumbo naweza kuliazima kwa jirani nikalirudisha Jumatatu.

Clementina alikuwa amenifungia chupa ya uji ndani ya kikapu. Baba Oluoch alipoiona kwenye kituo cha basi akaitoa, akampa mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni. Nami nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea kwanza, na sitamsingizia mtu.

Tulipokelewa vizuri mno. Mzee Ogola aliwahi kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu, ni mtu wa maneno machache na mabega mapana. Tukanawa. Kikaletwa chakula: kuku mzima, ugali mkubwa unaofuka moshi, mboga ya majani na samaki juu yake. Mshenga hupewa heshima yake, nikawekewa paja na kipande cha kifua.

Nikala tonge moja, nikatafuna polepole. Ya pili, ya tatu, ya nne. Nikashiba kabisa.

Nikaanza kuchezea ugali kwa vidole. Bibi yake Atieno, mwanamke mzee mkavu mwenye macho makali, alikuwa ameketi karibu na mlango akinitazama. Mzee Ogola naye akatazama sahani yangu. Baba Oluoch akanikanyaga mguu. Kila mtu kwetu anajua maana ya mgeni kukataa chakula nyumbani kwa wakwe: ama hamtaki binti wao, ama unashuku kuna kitu wameweka ndani.

Nilikuwa nimevaa koti langu la kijivu. Nililishona mwenyewe, na mifuko yake ya ndani ni mirefu kwa sababu hubebea tepu na makasi. Mzee alipogeuka kusema na Owino, paja likaingia mfukoni. Baba Oluoch alipoanza hadithi, tonge mbili zikafuata. Sahani ikawa nyeupe. Nikajiona mjanja.

Mjinga mimi! Sahani nyeupe maana yake nini? Mama yake Atieno akafurahi sana, akaniongezea.

Nikajaza na mfuko wa pili.

Kisha ikaja chai ya maziwa, tamu kweli, sukari ya heshima. Baba Oluoch akasema, "Kunywa, Barnaba." Nikanywa nusu kikombe. Haukupita muda moyo ukaanza mbio. Jasho likashuka mpaka shingoni, nikaona nikibaki pale nitaanguka mbele ya wakwe. Nikaomba ruhusa nitoke nje kidogo.

Mbwa wao akanifuata. Nikamfukuza, akarudi. Akawa ananiruka kifuani, ananusa koti, analia kwa tamaa. Bibi akatoka kuona kuna nini. Akaona doa la mafuta kwenye koti, na kabla sijasema neno akatia mkono, akalitoa paja, akalinyanyua juu watu wote walione.

Mzee Ogola akaja akasimama mbele yangu.

Mtu wa mbali anaweza kucheka hapa. Kwetu hakuna aliyecheka. Anayeondoka na chakula cha watu kwa siri anakipeleka wapi? Masalia ya chakula hupelekwa kwa mganga, yakafanyiwa mambo, na waliokipika wakaharibikiwa. Ndivyo watu wanavyoamini, na ndivyo nilivyoona kwenye macho ya mama yake Atieno. Alikuwa amejishika kifua kwa mikono miwili.

"Chakula changu unakipeleka wapi?" Mzee Ogola akauliza.

Na Baba Oluoch, badala ya kufunga mdomo, akadakia na uongo. "Anampelekea mtoto wake, Mzee. Anampenda sana mtoto."

"Mtoto gani anapelekewa nyama iliyofichwa?" akasema bibi. "Hakuweza kuomba tukamfungia?"

"Ondokeni," Mzee akasema. "Mazungumzo yameisha."

Nikamtazama Owino. Alikuwa anatazama mlango wa jikoni ambako Atieno alisimama. Owino ni mtoto niliyemshonea kaptula yake ya kwanza ya shule. Nikaona jinsi nitakavyoishi naye tukizeeka, nikijua nimemkosesha mke kwa sababu niliona haya kusema nimeshiba.

Nikamwambia Mzee Ogola, "Nipe dakika moja, wewe na mimi tu." Nikamtangulia nyuma ya ghala. Nikaegemea ghala, nikafungua vifungo vya shati.

Kovu langu linaanzia chini ya kifua mpaka kitovuni. Bado lina rangi ya ini. Nikamweleza yote: hospitali, kisu, ngumi ya mtoto, tonge nne, chai. Nikamwambia na ile amri ya kunyamaza. Nilitegemea anihurumie.

Akanikasirikia! Sijawahi kukasirikiwa vile tangu nizaliwe.

"Kwa hiyo ulijua chakula kinaweza kukuangusha," akasema. "Ukakaa kwangu, ukala, ukanywa. Ungefia hapa, Barnaba, ni nani angeamini sikukuwekea sumu? Binti yangu angeolewa na nani? Mimi ungeniacha na jina gani?"

Nimebeba hasira miezi mitatu, kwa wateja, kwa wanawake wa soko, kwa kila anayenisukumia sahani. Sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba kwa kunyamaza ninaweza kumponza aliyenikaribisha.

"Nimekosa, Mzee," nikasema. Akanitazama nikijifunga vifungo. Akaniambia niketi chini nipumzike, akaenda jikoni. Nikamsikia akiongea na mkewe kwa sauti ndogo, kwa muda mrefu.

Hatukupewa jibu. Tuliambiwa twende nyumbani. Lakini tulipofika langoni Atieno alikuja mbio na kibuyu kidogo cha uji, agwata, cha ukubwa wanaopewa watoto. Kipya kabisa, kimekwanguliwa vizuri. Kilikuwa kitupu. Akanipa kwa mikono miwili.

"Mama anasema kikae kwako," akasema. "Siku ukija tena, uje nacho."

Je, Baba Oluoch alielewa? Wapi! Njia nzima ndani ya basi ni manung'uniko. Ati tumedharauliwa, ati mshenga amepewa chombo cha mtoto mchanga, ati ukoo wetu haujawahi kuonewa namna hii. Nikamwambia, "Baba, mtu asiyetaka kukuona tena hakupi bakuli la kurudi nalo." Owino akageukia dirisha. Niliona shavu lake limepanda, anatabasamu.

Leo baada ya misa Baba Oluoch amekuja na mpango mpya. Kwamba Jumamosi ijayo turudi tuwaambie nina jino bovu! Jino! Baada ya Mzee kuliona kovu kwa macho yake! Nimemwambia, kwa heshima yote niliyobakiwa nayo, kwamba Jumamosi yeye apumzike nyumbani. Nitakwenda na Owino na Clementina. Clementina atakaa na mama yake Atieno amweleze masharti yote moja baada ya jingine, nami nitasema kabla ya kunawa mikono: tumbo langu ni dogo, nitakula kidogo, na nimeshukuru. Baba Oluoch amekasirika, ameondoka kwenye mvua bila kuaga. Anyeshewe.

Halafu nimekaa kwenye cherehani nikaishona mifuko yote miwili ya koti. Mishono miwili miwili, uzi mzito. Tepu nitaivaa shingoni.

Clementina ametoka jikoni sasa hivi na mlo wangu wa tano. Safari hii hakutumia bakuli letu, ameumimina uji ndani ya kile kibuyu, umejaa mpaka ukingoni. Nimeunywa polepole, nikipumzika katikati, nikisikiliza mvua kwenye mabati.

Nimeumaliza. Miezi mitatu nimekuwa nikirudisha vyombo vikiwa na chakula, nikitafuta maneno ya kujitetea. Leo nimemrudishia mke wangu chombo kitupu, akakitazama ndani, akakigeuza juu chini kuhakikisha, na hakuniongezea.