Baba Mkwe Ukutani

Itigi, Jumapili, Februari 1954

Na bado mume wangu anasema ni picha tu!

Bwana mpima ardhi, mwajiri wake, anarudi kwao Ulaya, kamwambia achukue mashine moja ya sinema kati ya mbili. Basi leo mchana mume wangu kaziba madirisha kwa magunia, katundika shuka langu ukutani, akazijaribu zote kwa filamu ile ile: baba mkwe anatoka nyumbani kwake kwenda zizini. Mzee mwenyewe alikuwepo, anajitazama.

"Hii kubwa ya betri inanikimbiza kama mwizi," akalalamika. "Hiyo ya kuzungusha kwa mkono inanitembeza kiutu uzima."

Mtoto akalia njaa. Nje mvua kubwa, na chumba ni hicho kimoja. Mzee akaelewa, akatoka akasimama barazani ili ninyonyeshe. Lakini ukutani bado yupo, kasimama zizini, kanikodolea macho!

"Ni picha tu, mama Neema."

"Siwezi kufungua kifua mbele ya mkwe. Mtoe."

Mume wangu akainama azime taa ya mashine. Mzee akapiga kelele kutoka nje, "Usinizime, bado niko hai! Nirudishe nyumbani."

Ile kubwa hairudi nyuma. Ya mkono akaizungusha kinyume, na baba mkwe akatembea kinyumenyume toka zizini, taratibu, mpaka akaingia kwake na mlango ukafungwa. Nikakaa. Mwanangu akanyonya kwa pupa, maskini, machozi hayajakauka.

"Nimeshaingia?" mzee akauliza kutoka barazani.

"Umeingia, baba," nikamjibu. "Na mlango umefunga."

"Basi chukueni hiyo. Ina adabu."