Kasha Lililojaribiwa Kwenye Beseni

Ukunda,
Jumanne, 17 Machi 1998

Baba, shikamoo.

Kamera imekufa. Imekufa Jumamosi tarehe 14 Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, upande wa nje wa mwamba wa Chale, ndani ya lile kasha ulilolitia mpira kwa mikono yako, mara ya kwanza kushuka nalo. Nimeanza na hilo usije ukasoma salamu ukadhani ni barua ya heri. Sasa salamu: mimi sijambo, mafua yamekwisha. Nyinyi hamjambo? Goti la mama laendeleaje?

Unakumbuka mwezi wa Desemba nilikuwa na njia tatu za kuishusha kamera majini. Kulikuwa na ule mfuko laini wenye dirisha la kioo, mwisho wake mita tano. Kulikuwa na kasha jipya la plastiki, la kuagiza ng'ambo, lenye kuingia kamera ya namna moja tu; ukibadilisha kamera, kasha unalifanya la kuwekea unga. Na kulikuwa na hili la alumini aliloniachia Ivan, yule mwalimu wa kuzamia aliyerudi kwao, zima kila mahali isipokuwa mpira wa mfuniko ulikuwa umekatika. Nikakuandikia kukuuliza. Ukanijibu kwa mstari mmoja: "Chukua la chuma, mpira niachie mimi." Nikakuomba unitafutie Mombasa mpira wa duara wa kiwandani. Ukasema umetafuta, haupo. Ukanikatia wa tyubu ya lori.

Baba, nilifua shuka za wageni miaka sita ndipo nikainunua kamera ile. Kwa mwaka mmoja na miezi mitatu imewapiga picha, kutoka juu ya mashua, wageni mia mbili na kumi na moja wakiogelea na samaki, na kila mmoja amekwenda kwao na kanda yake. Wewe hujaiona hata moja. Baharini hujatia hata mguu, napo ni mwendo wa saa tatu kutoka mlangoni kwako.

Sikudai kitu. Nataka kujua maji yaliingia wapi.

Mwanao,
Kavumbi


Samburu,
25 Machi 1998

Kwa mwanangu Kavumbi,

Marahaba. Sisi tu wazima. Goti la mamako sasa linatabiri mvua kuliko redio. Barua yako aliileta Kombe, dereva wa lori la mchanga, naye akakataa kuondoka mpaka nimalize kuisoma, maana aliuona uso wangu. Pole, mwanangu. Pole ya mdomo haina uzito, nalijua hilo, lakini siwezi kuiacha.

Hata hivyo mpira haukuvuja. Kasha lile nililijaribu mara tatu na Kombe alikuwapo. Miaka ishirini na sita niko kando ya barabara hii nikiziba pancha, na hajarudi dereva kuniambia, "Japheth, kiraka chako kimebanduka." Kombe ananiambia niandike kwamba yeye alirudi mwaka juzi. Alirudi kwa sababu ya msumari mwingine.

Kwa hiyo hapo pana jambo, nami sitalala vizuri mpaka nilijue. Usinijibu kama mwana aliyeudhika, nijibu kama fundi. Maji yaliyoingia yalikuwa kijiko au kikombe? Yalianza ulipoingia tu au ulipofika chini? Ulishuka mita ngapi? Nasikia huko maji hukandamiza: je, hukandamiza kutoka juu tu kama mtungi kichwani, au pande zote? Na maji ya bahari ni mazito kuliko ya lambo letu? Sisi watu wa huku tumezaliwa tukizuia maji yasitoke. Kuyazuia yasiingie hatukufunzwa na mtu.

Mamako anasema kule uliko usisahau kula.

Baba yako,
Japheth


Ukunda,
31 Machi 1998

Baba, shikamoo. Nakula. Mwambie mama nimepungua kilo mbili tu, na moja ni ya hasira.

Umeuliza kama fundi, nakujibu hivyo. Maji yalikuwa robo lita kasoro kidogo; niliyamimina kwenye chupa ya dawa ya kikohozi yenye alama. Yanakandamiza pande zote, chini, juu na ubavuni, sawasawa. Ndiyo, ya bahari ni mazito zaidi. Ukitaka kujua ladha yake, njoo.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata mimi limenishangaza. Kanda niliitoa ndani ya kamera, nikaisuuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nikaianika kivulini siku nne. Claire akakubali kuitia kwenye mashine yake. Claire ndiye msimamizi wa michezo ya majini pale hotelini, yule dada wa Kakamega anayesema kila kitu mara moja tu. Alisema, "Ikiharibu mashine yangu, utanunua." Haikuharibu. Picha ipo.

Inaonekana hivi. Sekunde ya thelathini na nane tangu niingie majini, nikiwa mita mbili, kunatokea mstari wa maji chini ya kioo, mwembamba kama uzi. Nikashuka. Mita nne, mita sita, mita tisa, na saa yangu ya kupimia kina inaonekana mkononi. Kwa dakika nne nzima huko chini, baba, ule mstari haukupanda hata kidogo. Nikaanza kurudi juu. Nilipofika mita mbili tena, maji yakaingia kama mtu aliyefungua bomba, picha ikawa nyeupe, basi.

Nimeitazama mara kumi na nne. Mahali ambapo maji yanakandamiza sana, hayakuingia. Yaliingia mahali ambapo hata mtoto hucheza. Claire anasema nilifunga vibaya. Mimi nilifunga klipu zote nne, na nilizihesabu.

Sasa zamu yangu kuuliza, na usijibu kwa mstari mmoja. Ulilijaribuje kasha lile? Niandikie tangu ulipolishika mpaka ulipolifuta.

Mwanao,
Kavumbi


Ukunda,
Jumatatu, 4 Mei 1998

Baba, shikamoo. Natumai hamjambo.

Siku thelathini na nne sijapata jibu. Kombe nilikutana naye Likoni juma lililopita, anasema u mzima, ila kila jioni unakwenda lamboni na kamba na mkebe wa maziwa, wala humwambii mtu. Watu wanasema unafuga mamba.

Claire amenipa habari. Kuanzia tarehe 1 Julai hoteli inataka mtu wa kupiga video za majini, kila siku, msimu mzima. Kamera watatoa wao, mpya. Kasha hawana, na kwa kuwa langu linaingia kamera za namna nyingi, wamenipendelea. Lakini kamera yao ikiingia maji hata tone moja, nimekwisha hapa pwani. Nitarudi kwenye shuka, kama watanipokea.

Mfuko laini haufiki mita tisa. La plastiki haliwezi kufika kabla ya Agosti. Nimebaki na kasha lako.

Nilikuuliza ulilijaribuje.

Mwanao,
Kavumbi


Samburu,
22 Mei 1998

Kavumbi, mayo, binti yangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu sikutaka kukuletea neno kabla ya kulipima.

Nililijaribu hivi. Nilitoa kile kitufe cha ubavuni, nikachomeka mdomo wa tyubu ya baiskeli, nikafunga mfuniko, nikalijaza upepo kwa pampu. Nikalizamisha kwenye beseni langu la pancha na kuangalia viputo. Hakikutoka hata kimoja. Nikalikausha, nikarudia, mara tatu. Nikakirudisha kitufe na kumwambia Kombe, "Hili hata Nuhu angelipanda."

Hivyo ndivyo ninavyojaribu kila kitu tangu ujana. Tyubu adui yake ni upepo unaotaka kutoka. Barua yako ya mstari wa maji nimeisoma nikiwa nimeketi kwenye tairi la lori, nikahisi kama aliyevaa shati nje ndani siku nzima na watu wamemnyamazia. Mimi nilijaribu upepo kutoka. Kumbe kasha lako adui yake yuko nje.

Ndipo nikachukua mkebe wa maziwa. Nikaukatia mpira uleule wa tyubu, nikatia tishu kavu ndani, nikafunga na jiwe na kuushusha lamboni kwa kamba yenye mafundo. Nimeushusha mara ishirini na tatu. Mpira wangu ni bapa, nao ulikuwa mwembamba kuliko mfereji unaoukalia kwenye ukingo wa kasha, kwa milimita mbili hivi. Upepo wa ndani ukiusukuma, unakwenda nje na kukutana na ukuta wa mfereji, unatulia. Maji ya nje yakiusukuma, unakwenda ndani, na ndani hakuna ukuta. Ukishuka sana, maji yenyewe yanaubana mfuniko na kuziba kosa langu. Ndiyo maana kule chini palikuwa pakavu. Karibu na juu hakuna wa kuubana, umebaki na klipu zako nne na mpira wa Japheth.

Wewe ulifunga vizuri. Mwambie huyo Claire mara moja tu.

Na kuna jingine. Mombasa sikwenda. Nilikuambia nimetafuta mpira wa duara nikakosa, sikutafuta. Sikuwa mgonjwa, wala nauli haikunishinda. Niliona haya, mtu wa miaka ishirini na sita ya viraka, kuingia dukani kununua mpira kwa ajili ya mwanangu. Nilitaka uende chini ya bahari na kitu changu.

Mamako amejua leo. Hajaniambia kitu, na hiyo ni mbaya zaidi.

Baba yako,
Japheth


Ukunda,
Jumamosi, 20 Juni 1998

Baba, shikamoo. Mwambie mama aseme nawe, nimempa ruhusa.

Barua yako ilinikasirisha siku tatu, ya nne nikapanda gari kwenda Mombasa. Duka la vipuri vya mashine, mtaa wa pili kutoka kwenye soko. Nilikwenda na vipimo, yule muuzaji akavuta droo, akanipa mpira wa duara, mviringo kama tambi, unaojaa mferejini bila kubaki nafasi. Shilingi mia moja na themanini. Nilisimama pale nikairudia bei moyoni mara mbili: mia moja na themanini. Sitaitaja tena mpaka nife.

Nimeufuata mkebe wako. Kasha tupu, tishu kavu ndani, uzito wa kuzamia, kwanza mita mbili kwa dakika kumi, ndipo mita tisa, ndipo mita mbili tena. Mara kumi na mbili. Mara kumi na moja tishu ilitoka kavu ya kuwashia jiko. Ya tano ilitoka na unyevu, nikachukua kioo cha kukuzia na kutazama: uzi mmoja wa kitenge changu ulikuwa umelala juu ya mpira. Uzi mmoja. Nilikuwa nimefunga huku nikiongea na mgeni.

Hapo ndipo nilipoelewa. Anayeshuka na kamera hawezi kuwa ndiye anayefunga kasha. Mimi asubuhi nina wageni sita, mmoja anauliza kama papa wapo. Kasha linataka mtu anayeketi kivulini asiyejibu salamu, anayefuta mfereji kwa kidole, anayeutazama mpira kama anautilia shaka, anayefunga klipu na kuzifungua tena kwa sababu ya pili haikulia vizuri. Nimemweleza Claire. Amesema hoteli italipa watu wawili, na wa pili nimchague mimi, lakini akiingiza tone nitaondoka naye.

Pwani nzima namjua mtu mmoja aliyeshusha mkebe lamboni mara ishirini na tatu.

Kazi inaanza tarehe 1. Chumba kipo, nimeomba kitanda cha pili. Njoo na beseni lako, tutalitumia kuoshea chumvi. Majini hutaingia usipotaka. Lakini siku ya kwanza jioni utaketi mbele ya runinga ya Claire na kutazama kanda moja mpaka mwisho, na hilo si ombi.

Ijumaa tarehe 26 Juni nitakuwa dukani kwa Mwero hapa Ukunda, penye simu. Namba Kombe anayo. Saa sita mchana ikipita namwandikia Claire jina la mtu mwingine. Usinipigie kuniuliza hali, wala usinieleze habari za mbuzi. Neno moja tu, baba: unakuja au huji?

Mwanao,
Kavumbi