Saa ya Mstatili ya Mama Bura

Fundi Lazaro,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuiitikia, lakini sijui namna nyingine ya kuanza kuongea na wewe. Kwa miaka sita niliingia kibandani na neno hilo, na wewe uliitikia bila kuinua kichwa, lenzi ikiwa jichoni.

Tangu tukuzike mambo yamebadilika hapa Bagara. Mkeo alinikabidhi vifaa vyako vyote, akalia, na mimi nikalia. Wanaokuja siku hizi wanataka betri na mikanda ya saa tu. Wengine wanachungulia, wakikuta ni mwanamke peke yake, wanapita. Nikuambie ukweli, Fundi. Nilishaamua kufunga. Nilikuwa nimepata mtu wa kuchukua kibanda auzie makava ya simu. Nisamehe.

Wiki hiyohiyo akaja bibi mmoja kutoka Nakwa, Mama Bura. "Fundi Lazaro nimemkuta?" Nilimwambia tumeshakuzika. Alikaa kwenye kiti chako. Kisha akafungua fundo la kanga yake, akatoa saa.

Nimeshika saa nyingi. Hiyo nilifuta mikono kwanza.

Ni ya mstatili, urefu wake haufiki pingili ya kidole gumba changu. Dhahabu imelika kidogo kwenye pembe. Uso una rangi ya maziwa, na namba zake za Kirumi zimechorwa zifuate umbo: kumi na mbili na sita zimerefuka, tatu na tisa zimebanwa pembeni, na bado kila moja inasomeka. Mishale miwili ya buluu, myembamba kama unyoya. Mshale wa sekunde haina. Nilikumbuka ulivyoniambia siku moja kwamba saa za namna hii zilitengenezwa kwa mtu asiyetaka kuhimizwa.

Mzee wake alimnunulia walipofunga ndoa. Sasa wanatimiza miaka hamsini, misa ya jubilei ni Jumamosi, na saa imesimama miaka mingi. Mafundi wawili walimwambia atupe mashine, aweke ya betri. Walipojaribu hawakupata ya kuingia humo. Alitaka kuinuka aondoke, halafu akauliza, "Wewe, ni yeye aliyekufundisha?"

"Yeye mwenyewe, mama. Miaka sita."

Hakuniangalia usoni. Aliangalia mikono yangu. "Basi shika."

Nilifungua mfuniko wa nyuma, Fundi, na kwa ndani nikakuta mikwaruzo midogo sana. Herufi zako. Uliwahi kuifungua saa hii, labda kabla mimi sijazaliwa. Ulikuwa ukisema, "Ile alama mteja haioni. Unamwandikia fundi atakayekuja baada yako." Atakayekuja baada yako nilikuwa mimi.

Halafu nikaona mashine. Nilidhani nitakuta kiduara kidogo kimefichwa kwenye kasha la mstatili, kama zile tunazozijua. Hapana! Mashine yenyewe ni ya mstatili. Magurudumu yamepangwa kwa kufuatana kutoka upande mmoja hadi mwingine, hakuna nafasi iliyobaki bure, kila kitu kimetengenezwa kwa ajili ya umbo lile. Na kazi yote hiyo wameifunika, ili mwenye saa asiione kamwe. Niliweka kibano chini. Nikatoka nje, nikasimama nikiutazama mlima Kwaraha.

Haikuwa imevunjika. Mafuta yalikauka, basi. Nilifanya ulivyonifundisha: nikaitenganisha, nikaiosha, kila kipande mahali pake kwenye kitambaa cheupe. Skrubu moja, ndogo kuliko punje ya ulezi, iliruka. Nilipiga magoti sakafuni saa nzima nikiomba Mungu. Nikaikuta imenasa kwenye mkono wa sweta langu.

Siku ya tatu nikaiunganisha. Nilikuwa sijaijaza vizuri, nimezungusha kidogo tu, na lile gurudumu dogo la mapigo likaanza kucheza lenyewe. Nikaiweka sikioni. Sauti yake ni ndogo mno, Fundi, lakini haisiti. Kabla ya kufunga mfuniko nilichora herufi zangu chini ya zako. Sikuwa na wa kumwomba ruhusa.

Mama Bura alinialika kwenye jubilei. Alivaa gauni jeupe, na ile saa kwenye mkono mwembamba wenye mishipa. Niliona watu wanautazama ule mkono bila kujua wanatazama nini. Mzee wake haoni tena, macho yalimwishia. Baada ya misa alimshika mkono ili watoke, na kidole gumba chake kikagusa saa. Akasimama katikati ya kanisa. Akakipitisha kwenye pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, polepole, watu wote wakisubiri nyuma yao. Akasema, "Ni yenyewe." Akauinua ule mkono hadi sikioni kwake, na Mama Bura akaanza kulia.

Laiti ungekuwepo.

Jumatatu nilimwambia yule wa makava atafute kwingine.

Ulinifundisha kushika, kuosha na kusubiri. Hukuniambia kwamba kuna siku kitu kidogo hivi kitanifanya nijione niko mbele ya jambo kubwa. Au uliniambia, na mimi nilikuwa sijawa na masikio.

Lala salama, mwalimu wangu. Ninakuahidi kwamba hakuna saa nitakayoitamkia kifo kabla sijaifungua nikaiangalia kwa macho yangu. Na yeyote nitakayemfundisha, atajifunza kwanza kuistaajabia, ndipo nitampa kibano.

Mwanafunzi wako,
Neema