Mungaa Wamefagia Barabara

Singida mjini,
11 Agosti 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye nampa shikamoo yake, na dada Klara mwambie namkumbuka yeye na tumbo lake. Mimi mzima kabisa, ila usingizi sipati kwa furaha.

Baba, kaa kwanza. Umekaa? Ofisi ya ujenzi imenipa kazi ya kukagua barabara! Mimi na mkuu wangu, Bwana Fabiano, tunapita na Landrova tukitazama mashimo, mitaro na makorongo, kisha kila barabara tunaipa alama, moja hadi tano. Mkoa mzima tuna greda moja tu linalotembea, na alama hizo ndizo zitakazoamua liende wapi kabla ya mvua. Na barabara ya kwetu imo!

Ninaloliwaza ni lile korongo. Lori lilikwama pale likimpeleka dada hospitali akiwa na uchungu, tukampoteza mtoto. Safari hii anatarajia kujifungua Desemba, mvua zikiwa zimeanza. Greda likipita, hatutalia tena. Tunakuja Jumatatu, tarehe mosi Septemba.

Mwanao,
Selina


Mungaa,
20 Agosti 1975

Mwanangu Selina,

Marahaba, na marahaba tena! Sisi hatujambo, ng'ombe hawajambo, isipokuwa mama yako amepiga vigelegele hadi koo limemkauka. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, ndiyo faida ya kisomo cha watu wazima, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Barua yako nimeisoma mbele ya kijiji kizima. Mwenyekiti wetu Simeoni akasimama akasema, "Barabara yetu inapewa mtihani, na anayesahihisha ni binti yetu. Tutafeli vipi?" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Wewe njoo tu, sisemi zaidi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Beberu amekwisha kuchaguliwa. Klara anakusalimu, anasema mtoto anampiga mateke kama ndama.

Baba yako,
Alute


Singida mjini,
3 Septemba 1975

Baba,

Shikamoo. Afya ninayo, lakini moyo, we acha tu. Mmefanya nini jamani!

Tangu Ikungi namwambia Bwana Fabiano, "Shika vizuri mkuu, mashimo yanakuja." Hayakuja! Barabara imefukiwa, imesawazishwa, imefagiwa! Kina mama wamesimama kando na mifagio yao wanaimba jina langu, na Mama yuko mbele. Korongo mmelijaza udongo mpaka pamekuwa tambarare kama paa la nyumba ya tembe. Bwana Fabiano akasema, "Selina, ulinitisha bure." Akaandika moja.

Moja ndiyo nzuri kuliko zote, Baba! Huu si mtihani wa shule. Greda hupelekwa kwenye barabara mbovu, si kwenye nzuri. Nilimweleza, nikamsihi. Akasema tunaandika tunachokiona, maana tukiandika tunachoambiwa, kila mkaguzi atalipeleka greda kijijini kwao. Hata mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo, na hilo ndilo linaniuma. Greda limekwenda Kintinku. Wao hawakufagia.

Ule mchuzi wa beberu niliula nikimeza machozi. Nimewakasirikia kweli, halafu nikimkumbuka Mama na ule ufagio nacheka peke yangu ofisini. Lakini udongo ule utabebwa na mvua ya kwanza. Dada tutamfanyaje?

Mwanao,
Selina


Mungaa,
15 Septemba 1975

Mwanangu,

Marahaba. Miili mizima, ila aibu tunayo ya kutosha. Sasa nani anapokea mgeni na uwanja mchafu? Ungetuambia mapema kwamba ofisini kwenu anayefeli ndiye anayepewa zawadi!

Tumekaa kikao. Antipasi, jirani yetu yule mwenye sauti, akasema, "Tuyafukue mashimo yote, halafu tuwaite tena!" Watu wakashangilia. Na mimi nilishangilia, nisikufiche, hata jembe nilikwenda kuchukua. Mama yako akatucheka mbele ya wote. "Nyie wanaume, nguvu za kufukia mnazo, za kufukua mnazo, za kutengeneza ndizo mmekosa?"

Nikaliweka jembe chini. Klara alikuwepo, ameshika tumbo, anatutazama tu.

Basi tueleze, hilo greda lingefanya nini? Kwani si jembe tu, ila kubwa? Uje utufundishe. Au huko likizo hawatoi?

Baba yako,
Alute


Singida mjini,
24 Septemba 1975

Baba,

Shikamoo, shikamoo! Hamjambo wote? Mimi sijambo mara mia. Likizo nimepata!

Acheni udongo, kusanyeni mawe. Mawe, mawe, mawe! Adui yetu ni maji. Barabara itainuliwa mgongo katikati, mitaro ikae kando, na korongoni tutapanga mawe makubwa chini ili maji yapite juu yake bila kuchimba. Bwana Fabiano ameniazima kamba ya kupimia na nyundo za mawe. Anasema watu wanaofagia barabara namna ile hawashindwi na mitaro.

Nafika Jumamosi, tarehe nne. Safari hii asiniimbie mtu. Nipokeeni na sururu.

Mwanao,
Selina


Mungaa,
29 Desemba 1975

Mama mdogo Selina,

Ndiyo, nimekuita mama mdogo! Habari za huko Manyoni ulikokwenda kikazi? Huku sote wazima, na tumeongezeka.

Mvua ilinyesha mfululizo, mitaro ikavuma. Uchungu ukamshika Klara. Lori la ushirika likampakia, likafika korongoni, maji yamefunika mawe tuliyoyapanga nawe. Kijiji kizima kilikuwa pale na kamba za kulivutia. Dereva Gaspari akauliza, "Nipite?" Klara akajibu mwenyewe kutoka ndani, "Pita!"

Akapita, Selina. Akapita kama anakwenda sokoni! Kamba hatukuzifungua, hata Antipasi akanuna kidogo. Nililia kwa sauti, na sioni haya kukuandikia. Mtoto ni wa kike, ana sauti ya bibi yake.

Sasa mlete Bwana Fabiano na Landrova yake, atupe alama upya. Jirani na kwa Simeoni kuna shimo moja, zuri, la kumtosha mbuzi kulala. Tumelilinda hatujaligusa, na mama yako tumemficha ufagio.

Baba yako, tena sasa Babu,
Alute