Sauti Iliyoita Uani

Zuhura mjukuu wangu,

Shikamoo yako mama yako ameifikisha, marahaba. Huku Temeke hatujambo, ila babu yako anakohoa. Mama yako ameniuliza pia lile swali lako: ni mie niliyekuandikia kwenye kompyuta, kwa jina na picha yangu, nikikuomba neno lako la siri?

Nilipokuwa msichana, adhuhuri moja nilisikia sauti ya shangazi ikiniita uani. Kabla sijaitika, mkono ukaniziba mdomo. Ulikuwa wa shangazi mwenyewe. Tulikuwa naye jikoni tukichambua mchele.

“Usiitike,” alininong’oneza.

Sauti ikaita tena, kwa upole, jina langu la utotoni. Tulipochungulia, uani hapakuwa na mtu.

Mie kompyuta sijawahi kuigusa, Zuhura. Huyo usimwitikie.

Bibi yako