Jagi la Mistari Minane

Jumatatu, tarehe 3 Machi. Asubuhi: mawingu nusu ya anga, upepo kidogo, mvua hakuna.

Mwanangu, kifunga mimba wangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti tu linalalamika, na usingizi umenihama. Wewe hujambo? Hizo mashine za kufulia hapo hotelini bado zinakupigia kelele masikioni?

Umeniuliza kwa nini barua zangu huanza na hali ya hewa wakati nimestaafu. Mwanangu, miaka ishirini na sita nimesoma kipimamvua cha kituo cha kilimo, kila siku saa tatu asubuhi. Ofisi ilinistaafisha mimi, mkono haikuuambia. Kama kawaida naacha mstari mmoja wazi chini ya barua, kesho asubuhi nitaujaza kwa saa niliyolala. Kisha Fundi, yule mpangaji wangu wa cherehani chumba cha mbele, ataipiga picha na kukutumia kwa simu yake.

Sasa habari yenyewe. Nilikwenda kwa daktari kwa sababu ya kuamka kukojoa mara tano usiku. Aliniambia niende nyumbani nikapime mkojo wangu siku tatu, saa na kiasi. Mimi kupimishwa! Nilimpelekea karatasi yenye safu nne na jumla. Akacheka, akasema, "Mama, hata wanafunzi wangu hawaandiki hivi." Akanipima sukari, damu na shinikizo, akaniminya miguu kuona kama imevimba. Halafu akanipa kidonge kinachoziambia figo zipumzike usiku. Nimeze kimoja, saa moja kabla ya kulala, jioni nisinywe maji mengi, na baada ya wiki nirudi nikapimwe chumvi ya damu. Yote nimeandika. Naanza leo.

Na wewe usinune. Uliposema mwezi uliopita kwamba nikianguka tena kwenye ngazi ya choo cha uani utakuja kunichukua nikaishi kwako, nilikusikia. Ghorofa lenu ni zuri. Lakini kule nikifungua mlango naona mlango wa mwenzangu. Hapa naona anga.

Glasi zako nane za maji natimiza kila siku. Jagi nimelichora mistari minane kwa wino usiofutika.

Mama yako.

Nililala: saa nne na nusu usiku. Kuamka: mara moja. Moja!


Alhamisi, 6 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Huku ni wazima sote. Jana tulipokea mashuka mia nne ya wageni wa mkutano, mgongo umekuwa kama mkeka uliokunjwa. Lakini niliposoma "Moja!" nikacheka peke yangu mbele ya mashine ya kukaushia, msimamizi akaniuliza kama nimepata mchumba.

Nimefurahi, ila nina maswali. Daktari anajua kuhusu vile vidonge vya maumivu ya goti unavyonunua dukani? Na ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa umeisoma? Tafadhali siku ya kupima damu usiikose. Ninakujua, ukishapona huwa unaona hospitali ni ya wengine.

Ya kuanguka sikusema kukutisha. Lakini nilimaanisha.

Mwanao.


Jumatano, 12 Machi. Asubuhi: anga safi, joto, mvua hakuna siku ya kumi na tisa.

Mwanangu,

Marahaba sana. Nakuandikia nikiwa mtu mpya. Nalala kama gunia. Jana Fundi aliniambia, "Bibi, siku hizi mlango wa uani haulii usiku, nilidhani umehama bila kuniaga." Nikamwambia, "Nikihama nitaondoka na kodi yako ya miezi mitatu mbele." Akarudi kwenye cherehani yake haraka.

Karatasi ya ndani ya boksi ina maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nitaisoma nikipata miwani mingine. Ya damu ilikuwa juzi. Sikwenda. Foleni ni ndefu, na mtu aliyelala vizuri ataenda kulalamika nini? Nitakwenda wiki ijayo.

Kichwa kinauma kidogo, ni hili joto. Usijali.

Mama yako.

Nililala: saa tatu na dakika hamsini. Kuamka: hakuna.


Jumatano, 12 Machi. Asubuhi: mvua kubwa, milimita arobaini.

Mwanangu umesharudi shule? Viatu uvianike usiviweke jikoni.

Kichwa kinauma na tumbo linachafuka. Nadhani sinywi maji ya kutosha. Jana jioni mistari mitano ya jagi ilikuwa bado, nimeimaliza yote kabla ya kulala kama ulivyosema. Halafu nikajaza tena. Leo pia nitajaza. Fundi anasema nimevimba uso ni usingizi mwingi

mvua inanyesha sana

Nililala:


Jumatatu, 17 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimemwomba muuguzi akusomee ukifungua macho vizuri. Uko hospitali. Fundi yuko nje ya wodi na futi yake ya kupimia bado shingoni.

Picha ya barua yako ilinifikia jana, Jumapili, wakati wa mapumziko. Nikasoma "12 Machi". Mama yangu kuandika tarehe moja mara mbili? Nikasoma "mvua milimita arobaini". Siku nne nyuma ulikuwa umehesabu siku kumi na tisa za ukavu. Na ule mstari wa chini ulikuwa mtupu. Nikasoma viatu vya shule, nikasoma jagi ulilolijaza tena usiku, sikungoja mapumziko yaishe.

Nikampigia Fundi. "Huko kuna mvua?"

"Mvua gani, dada? Vumbi tupu."

"Mama yuko wapi?"

"Amelala. Amechoka tu, nilimwacha apumzike."

"Mwamshe. Usipomwamsha sasa hivi nakuja kukukata na mkasi wako mwenyewe."

Nikasikia akiita "Bibi, Bibi," mara nyingi mno. Kisha akasema, "Dada, ananiita jina la marehemu mumewe." Nikamwambia atafute gari, abebe na boksi la dawa, na asikupe hata tone la maji njiani.

Daktari amenieleza kwa simu. Kile kidonge kinazuia maji kutoka. Ukiendelea kuyanywa yanabaki mwilini, yanazimua chumvi ya damu kama mchuzi ulioongezwa maji, na ubongo ndio unaoumia wa kwanza. Wanairudisha chumvi polepole, kwa vipimo, maana kuirudisha kwa haraka nako kuna hatari. Amesema tungechelewa hadi asubuhi pengine ungepata degedege.

Mama, zile glasi nane ni zangu mimi. Nilizisoma kwenye bango ukutani kwa wageni wa hoteli wanaofanya mazoezi, watu wa miaka ishirini na tano. Nikakuandikia kama sheria, na wewe sheria hujawahi kuivunja. Sikuuliza unazimaliza saa ngapi.

Nimepata ruhusa. Ijumaa nitafika.

Mwanao.


Jumatano, 2 Aprili. Asubuhi: mawingu robo ya anga, umande mwingi, mvua hakuna.

Mwanangu, kifunga mimba wangu,

Salamu nyingi tangu uondoke. Umefika salama? Umelala? Mimi nimeamka vizuri na leo ni tarehe 2, nimeuliza watu wawili kabla ya kuandika.

Ulipokuwa hapa ulilala kwenye chumba changu siku saba, na daftari langu la kila siku lilikuwa juu ya kabati, karibu na mto wako. Nilikuwa nimeweka uzi mweusi katikati ya kurasa. Nilipotoka hospitali nikaukuta palepale. Hukulifungua. Kwa hiyo sasa nakusomea mwenyewe.

"Tarehe 8. Kichwa." "Tarehe 9. Kichwa sana, nimetapika kidogo." "Tarehe 11. Nimesahau neno la kipimamvua, nimelikumbuka jioni." Na kwako, tarehe 12, niliandika "kidogo, ni joto." Nilikudanganya, mwanangu. Niliogopa. Nilijua nikisema ninaumwa utakuja na begi kunichukua. Ndiyo maana na hospitali sikwenda, nilidhani wakiona kitu kwenye damu wataninyang'anya usingizi, kisha wewe utaninyang'anya nyumba. Vitisho vya mtu anayekupenda vinaziba mdomo kuliko vya adui. Sikulaumu. Nataka ujue tu.

Kwa hiyo glasi zilikuwa zako, kimya kilikuwa changu. Tugawane.

Jana nilirudi kupima damu. Chumvi imekaa sawa. Mfamasia mwanamke, yule mwenye ulimi, alinikalisha chini. "Mama, nani alikuambia maji mengi ni kiasi gani?" Nikasema hakuna aliyesema. "Basi hapo ndipo tulipokosea wote. Anayekunywa dawa ile huacha kunywa maji kuanzia saa moja kabla ya kumeza mpaka zitimie saa nane baada ya kumeza, akibanwa na kiu anaonja kidogo tu. Akitapika, akiharisha au akipata homa, haimezi, anatupigia. Na haichanganyi na vidonge vya goti vya dukani kabla ya kutuuliza." Nikamwambia vidonge vya goti nilikuwa navyo mfukoni. Akanyoosha mkono kama mwalimu anayedai mawe kwa mtoto mtukutu. Nikampa.

Ile dawa ya usiku daktari ameifuta kabisa kwangu. Kwa umri wangu, baada ya haya, hairudi. Niliumia, sitaficha. Zile siku zilikuwa tamu. Sasa nakunywa maji yangu asubuhi na mchana nikisikia kiu, chai ya mwisho ni saa kumi jioni, na alasiri nanyanyua miguu juu ya kiti nusu saa ili maji ya miguuni yashuke kungali mchana. Fundi akipita anauliza kama nimekuwa malkia. Naamka mara mbili, wakati mwingine tatu. Taa uliyoifunga kwenye ngazi inawaka usiku kucha, na lile bomba la kushikia halitikisiki. Nimelipima kwa uzito wangu wote.

Jagi nimelitoa ndani. Liko uani juu ya nguzo, na mistari yake nimeiandika upya kwa milimita. Mvua ikija nitakuandikia ya kweli.

Nawe ahadi yako uliyoitoa mlangoni, begi likiwa begani, nimeiandika daftarini neno kwa neno: "Sitakuchukua, mama, mpaka uniite." Yangu ni hii: hata kichwa kikiuma nusu, utajua siku hiyohiyo.

Mama yako.

Nililala: saa nne na dakika ishirini. Nikaamka saa saba, nikaamka saa kumi. Usingizi wenyewe ulinirudia saa kumi na robo.