Mama, Nimefungua Picha

Mama,

Tulia kwanza, usianze kugomba. Sahani yako ya intaneti bado ipo juu ya bati, imeelekea pale pale ulipotaka ielekee, na kuku hawaruhusiwi kupanda huko. Betri ndiyo imechoka. Siku za mawingu inazima mapema, na nyaya za bwawa la Mwadingusha zinaendelea kupita juu ya vichwa vyetu zikipeleka umeme migodini bila hata kutusalimu. Hayo unayajua. Ninalotaka kukuambia ni jingine. Yaya Ilunga, mwanao wa kwanza na kaka yangu, aliniuliza kama ulikufa umemkasirikia. Ulinikataza nisimweleze kitu, nami nimemweleza.

Acha nianze mwanzo, maana ukisikia nusu utanikatiza kama kawaida yako.

Yaya alipotutumia hela ya sahani kutoka Kanada, hakutaka uwe mkubwa wa kijiji. Alitaka akuone. Lakini ulipoelezwa tu kwamba mega za intaneti za mwezi zina mwisho, na kwamba zikiisha mashine inatambaa mpaka mwezi mwingine uingie, ulizishika kama unga wakati wa njaa. Mtu akitazama video uani, ulijua. Mpaka leo sijui ulijuaje. Wingu likitokea upande wa ziwa ulikimbia kuchomoa waya, kwa sababu uliamini mvua inakula mega. Nikakuambia mvua inakata njia tu, haili kitu. Ukanijibu kwamba hata panya hatujawahi kumwona akitafuna, ila muhogo unapungua. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Mega haiko mayi ya ziwa," ulikuwa unasema. Halafu jirani akija na simu yake, ana mtoto Lubumbashi au mgonjwa hospitali ya Likasi, unampa neno la siri kabla hajamaliza kuomba. Kumzuia mtu asiongee na mwanawe, kwako ilikuwa dhambi. Kijiji kizima kiliingia kwenye sahani yako. Aliyenyimwa alikuwa mmoja tu, yule aliyeinunua.

Kila alipoomba muonane kwa picha ulimjibu hivyo hivyo: "Sauti inatosha. Sura yako najua, ni miye nilikuzala." Mwanzoni alikuwa anacheka. Baadaye akawa hacheki, anauliza habari za mihogo.

Mimi nilijua, Mama. Mwanzoni ulikuwa ubahili wa kweli, wala usibishe. Kisha ugonjwa ukaja, ukaanza kukumaliza mwili, na ubahili ukapata kazi nyingine. Nakumbuka tulivyokuwa tunarudi kutoka Likasi ndani ya lori la samaki, vikapu vitupu vinaruka huku na huku, wewe umenishika kifundo cha mkono. Ukaniambia: "Usimuambie yaya yako. Ataacha kazi, atarudia huku, na makaratasi yake itapotea." Nikakubali. Makaratasi yake ya kuishi Kanada yalikuwa hayajatoka kweli, angeondoka kule asingerudi tena, na mgonjwa habishiwi. Watu husema mficha maradhi, kilio humfichua. Nikajiambia kilio chako kitamweleza chenyewe, mimi sitahitaji kufungua mdomo.

Kilio chako kilijaa. Walikuja watu wa Buluo, watu wa Likasi, wavuvi wa kambi zote za ziwa la Tshangalele ambao uliwahi kugombana nao juu ya bei. Wakalala uani kwenye mikeka, kama inavyopasa. Na kila mmoja alikuwa na neno la siri, au alimwuliza wa pembeni yake. Hakuna aliyeiba. Walikaa wakikulilia na simu zao mifukoni, na zile simu, bila kutumwa na mtu, zikawa zinavuta video za kwaya, video za vikundi, sijui marekebisho gani ya programu, usiku na mchana. Mtu wa kukumbuka jambo hilo katika kijiji hiki ulikuwa wewe peke yako, nawe ulikuwa ndani ya sanduku.

Tulipokubeba kwenda makaburini mega zilikuwa zimekwisha, mashine inatambaa. Yaya alikuwa ameomba ruhusa kazini, amevaa suti, ameketi mbele ya simu yake ili akuzike pamoja nasi. Picha ilikataa. Alipata sauti, vipande vipande. Alisikia wimbo ukianza, hakusikia ukiisha. Alisikia chepe.

Siku chache baadaye alinitumia sauti. Nilikuwa jikoni. "Bea, Mama alinikatalia sura yake mpaka mwisho. Nilimukosea nini?"

Majani ya sombe yaliungua chunguni. Neno lako lilikuwa limenifunga, Mama. Nikamwandikia kwamba njia ni mbaya. Akauliza tena, nikasema kuna mawingu. Hakuna anayeweza kubishana na mawingu, na nilijificha nyuma yake kama wewe ulivyofanya. Lakini yaya akaanza kunyamaza. Salamu za asubuhi zikakatika. Mjomba Kalenga, ndugu yako, akasema mtoto huyu tunampoteza, na mimi nilijua anapotelea wapi. Nilikukasirikia siku hiyo. Nilikaa kwenye kitanda chako nikakusema peke yangu.

Kisha mwezi mwingine ukaingia, ikafika siku ya kuondoa kilio. Nguo zako zilitolewa nje, zikawekwa kwenye mkeka, na Mjomba akakataa kuzigawa mpaka mzaliwa wako wa kwanza azione kwa macho yake. Wengine wakasema tumpigie kwa sauti, tumtajie. Mjomba hakutaka hata kusikia. "Hatugawe nguo ya marehemu na masikio," alisema.

Aliyetuokoa ni Mama Zuhura wa dukani, yule ambaye hamkuwahi kukubaliana hata juu ya chumvi. Alichukua beseni kubwa la samaki, akasimama nalo mlangoni, na kila aliyeingia alizima simu yake akaiweka humo. Alisema leo njia yote ni ya mtoto wa marehemu. Hata katekista alitoa yake, akabaki anapapasa mfuko kama mtu aliyepoteza rozari. Mbingu ilikuwa safi. Nikafungua picha.

Mama, ana mvi. Ndevu zimekuwa nyeupe kidevuni, na mwanya wake bado upo. Wewe ulisema sura yake unaijua. Hii hukuijua, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mjomba akawa anainua nguo moja moja mbele ya simu. Kitenge cha Jumapili, yaya akatabasamu. Kitambaa cha kichwa. Halafu akainua lile gauni la bluu ulilovaa ukimsindikiza uwanja wa ndege, ulipolijaza vizuri mpaka watu wakageuka kukutazama. Unakumbuka ulivyoniambia nilipunguze mbavuni ulipoanza kukonda. Kisha nilipunguze tena. Kisha tena. Nilipoliona mikononi mwa Mjomba nilinyoosha mkono nilichukue, lakini lilikuwa limeshainuliwa.

"Hii robe ni ya mutoto gani?" yaya aliuliza.

Akalitazama vizuri. "Bea. Hii ni ya nani?"

Nikamwambia. Mbele ya watu wote nikamwambia ugonjwa, na hospitali, na lori, na neno ulilonifunga nalo. Nikamwambia hukuwa na hasira naye hata siku moja. Nikamwambia kwamba mkimaliza kuongea, ulikuwa unaniomba nikurudishie sauti alizokutumia, moja baada ya nyingine, na umelala umefumba macho.

Akaniomba nilisogeze gauni karibu. Nikalisogeza. Akasema karibu zaidi, mpaka likafunika simu yote, na nadhani kule kwake hakukuwa na kitu tena isipokuwa bluu. Akakaa hivyo muda mrefu. Hakuna mtu uani aliyesema mega zinaisha.

"Basi haikuwa hasira," alisema kwa sauti ya chini.

Gauni amepewa yeye. Nimelikunja ndani ya mfuko, linasubiri msafiri wa kwenda huko. Asubuhi ananisalimu tena, na jana alinitukana kwa sababu sikula, kwa hiyo amepona kidogo.

Lala salama, Mama wangu. Sahani nitaitunza, na anayekuja kumtafuta mwanawe sitamrudisha. Ndugu zako nitawaheshimu, hata wale wasumbufu. Ila kuna jambo moja sitalirithi kwako, na nakuahidi mapema ili usishangae. Siku nitakapougua mimi, hata nikibaki mifupa mitupu, nitafungua picha, na yaya yangu ataniona.

Mtoto wako,
Bea